Siku Nyamizi Alipopimwa Moyo

Haya, sogeeni, na mwenye karanga atafune taratibu. Habari hii haijatokea bado. Itatokea huko mbele, wakati anayeisimulia amekwisha kuwa udongo na wanaoisikiliza wameota mvi. Siku ikitokea mseme, ala, si tulishaambiwa!

Palikuwa Tabora, lakini si hii mnayoijua. Tabora ile ilikuwa na maputo. Maputo makubwa, manene kama vibuyu, yanapita juu ya miombo yamebeba mapipa ya asali kuipeleka pwani. Puto likipita chini chini, kuku wote wa mtaa wanakimbilia uvunguni, wanadhani mwewe amenenepa. Na asubuhi hiyo mji mzima ulikuwa unachemka kama sufuria ya maharage, maana ilikuwa Siku ya Kipimo.

Nyamizi alikuwa na miaka kumi na mitatu. Miguu mirefu, mdomo mwepesi kwa utani na mzito kwa mambo mengine yote. Mama yake, Kalunde, alikuwa amembana katikati ya magoti anamsuka haraka haraka, na kila akivuta msuko anatoa na neno.

"Mwaka huu utasema?"

"Nitasema, mama."

"Utasema nini?"

"Nitakachoulizwa. Aai! Mama, hicho kichwa, si kikapu."

"Kingekuwa kikapu kingeniletea faida. Mwaka jana hukujua, au ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza!"

"Mama, yule mtoto alikuwa amejikojolea."

Kweli. Mwaka jana Nyamizi alipangwa na kitoto kimoja cha kike, mbele ya watu wote, na kile kitoto kwa hofu kikajiachia palepale kitini. Nyamizi alijua kinahisi nini na kwa sababu gani, hata kipofu angejua. Lakini alitakiwa aseme kwenye spika. Akavua khanga yake, akamfunga mwenzake kiunoni, akarudi kukaa kimya. Kipimo kikampa alama za aibu.

"Uungwana wako ule ulinilaza na presha," Kalunde akasema. Mikono yake ilisimama kichwani pa mwanawe. "Ukianguka tena leo wanakubeba. Bweni la Utulivu, miaka miwili! Nitakuwa nakuona kwenye kioo Jumapili kwa Jumapili kama mtangazaji wa habari. Nyamizi, mimi nina wewe tu. Fungua mdomo leo, mwanangu."

Nyamizi akagusa nyuma ya sikio lake, pale kilipo kimulimuli.

Kimulimuli, ndivyo watoto walivyokiita. Kidude kidogo kama punje ya mtama. Mtoto akifika miaka saba kinabandikwa nyuma ya sikio, hakitoki mpaka amekuwa mtu mzima. Hakiumi, hakiwashi. Kazi yake kusikiliza: damu inavyokimbia, jasho linavyochomoza, pumzi inavyopanda na kushuka. Kikishasikia kinaupelekea mtambo, na mtambo unajua, huyu ana hasira, huyu ana woga, huyu amependa. Unajua kabla hata mwenyewe hajajua.

Na tusiseme uongo, nia ilikuwa njema. Zamani watoto walikuwa wanaumia kimya kimya. Mtoto anapigana, anavunja, ukimuuliza una nini, anakwambia sina kitu, na kweli hajui kwamba ana kitu. Ndipo wakubwa wakasema, tuwafundishe watoto kuijua mioyo yao na ya wenzao, halafu tuwapime kama wamejua. Hapo kwenye kupima sasa ndipo maneno yalipoanza. Mtoto anakaa mbele ya mwenzake, anaulizwa: huyu anahisi nini, na kwa nini? Akipatia, ubao unawaka kijani. Akikosea, mwekundu. Kama maswali ya hesabu, bwana.

"Nenda kaniletee nazi," mama akasema, amemaliza msuko wa mwisho. "Tukirudi tunapika wali wa kushangilia. Kimbia!"

Nazi Tabora nzima zilikuwa za marehemu Kondo. Kondo alikuwa Mzaramo aliyekuja na treni akiwa kijana, akaleta nazi, akaoa, akazaa, akazeeka kidogo, na mvua za mwaka ule hazijaisha akafa. Sasa kibanda kilikuwa cha mama yake, Bibi Chausiku, na Pazi, mtoto wa marehemu, kijana wa miaka kumi na minne. Siku ya msiba Wanyamwezi walikwenda wote, maana Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, na mtani akifiwa unakwenda kumcheka. Ndiyo, kumcheka! Unavaa kofia ya marehemu, unatembea kama yeye, unalala mlangoni unadai hapiti mtu mpaka ulipwe deni lake. Mfiwa anacheka na machozi yanamtoka, na siku ile nzito inapita. Wote walicheka siku ile. Pazi peke yake hakucheka wala hakulia. Watu wakasema, huyo huzuni imemkaba.

Nyamizi alizunguka nyuma ya kibanda, akasimama.

Pazi alikuwa peke yake kati ya marundo ya nazi. Amenyoosha mikono, ameyavimbisha mashavu, anazunguka, anaruka, anapaa, anatua. Anacheka bila sauti mpaka mbavu zinatikisika. Alikuwa puto! Kisha akamwona Nyamizi akaganda, shavu moja bado limevimba.

"Umeniona?"

"Sijaona kitu. Nimeona nazi moja imeota wazimu."

"Nyamizi we!" Akamvuta mkono mpaka nyuma ya magunia, macho yanawaka. "Baba mdogo amekubali! Jana! Nikishapimwa tu nakwenda kujifunza urubani. Puto, Nyamizi! Nitapita juu ya paa lenu nitemee chungu cha mama yako."

"Tema uone. Si baba yako alikataa lakini?"

"Alikataa. Alisema nikiingia kwenye puto nisimwite baba." Basi lile tabasamu likaanza kushuka, taratibu, kama puto lililotoboka. "Angekuwepo nisingekwenda. Udongo wake haujakauka na mimi naruka hapa kama mbuzi. Bibi akijua, ataniona mtoto gani?"

Nyamizi akageuka kuzitazama nazi.

"Usimwambie Bibi," Pazi akasema.

"Mtumwa wangu," Nyamizi akamwambia, maana ndivyo watani wanavyoitana, "nipe nazi, na uchague iliyojaa. Mnyamwezi haibiwi mchana."

Uwanjani hapakuwa na pa kuweka mguu. Wauza mahindi ya kuchoma, wauza mihogo, akina mama na miavuli, watoto juu ya mabega, na ngoma zinalia mpaka vumbi linacheza lenyewe. Jukwaani kulikuwa na viti viwili vinatazamana, ubao mkubwa, na Bwana Mihayo.

Huyo Bwana Mihayo ndiye mpimaji. Mtu wa makamo, suti nyeupe imepigwa pasi mpaka inakata, ametumwa na wakubwa kutoka mbali. Wakubwa walikuwa waangalifu sana kwa hilo. Mpimaji asiwe na ndugu mjini, asiwe na shemeji, asije akapendelea. Walichunguza ukoo wake wote mpaka kwa babu, wakaridhika.

"Ngoma ikianza, muda umeanza," Bwana Mihayo akatangaza. "Ngoma ikinyamaza, muda umekwisha. Hisia, na sababu yake. Kwa sauti!"

Watoto wakapanda na kushuka. Kijani, vigelegele. Mwekundu, mmm. Kijani tena. Mtambo unachagua majina wenyewe, hakuna anayejua atapangwa na nani. Nyamizi alikuwa anarukaruka pale chini, anasema moyoni, nipeni yeyote, nipeni mtu mwepesi, leo nasema, leo mama anapika wali.

Mtambo ukaita: "Nyamizi wa Kalunde. Pazi wa Kondo."

Nyamizi akaacha kurukaruka.

Walipokaa wakitazamana, Pazi alikuwa amejikunja kama mwenye tumbo. Na pale mbele kabisa, juu ya mkeka wake, kaniki ya msiba begani, alikuwa amekaa Bibi Chausiku. Anawaambia majirani kwa sauti ya kusikika mpaka jukwaani: "Mjukuu wangu huyo. Tangu baba yake aondoke, hata wali anauchezea tu. Mtoto ana huzuni jamani, mtoto alimpenda baba yake."

Ngoma ikaanza.

Nyamizi alifungua mdomo, akaufumba. Akili yake ilikimbia kuliko ngoma. Akisema furaha, ubao utawaka kijani, lakini lazima ataje na sababu. Sababu gani? Kwamba baba amekufa na njia imefunguka? Kwenye spika, Bibi akiwa pale? Basi aseme huzuni. Ee, na ubao ukiwaka mwekundu? Mji mzima utajua Pazi hana huzuni, na watauliza, kumbe ana nini? Akinyamaza, bweni. Kila mlango una mbwa!

"Sema, Nyamizi!" Hiyo ilikuwa sauti ya Kalunde, imepasuka. "Sema, mwanangu!"

Pazi alikuwa anamtazama.

Basi Nyamizi akasimama. Akavua khanga, akajifunga kiunoni kama msuli. Akatoa tumbo mbele. Akaanza kutembea jukwaani, mguu mmoja anauburuta, mikono inasukuma mkokoteni usiokuwepo, na kidevu kimeinuka kama mtu anayenusa mvua. Uwanja mzima ukapigwa na butwaa. Ule ulikuwa mwendo wa Kondo! Kondo mwenyewe hasa!

"Nazi!" akapaza kwa ile sauti ya puani. "Nazi za Kisarawe! Zina tui kuliko ng'ombe wote wa Unyamwezi!"

Ngoma tu. Bwana Mihayo amenyanyua kidole, hajui akielekeze wapi.

Halafu kutoka kwenye mkeka kikatoka kicheko. Kikavu, kikali, kama kuni inayovunjika. Bibi Chausiku alikuwa ameshika mbavu.

"Kondo!" akaita. "Mwanangu, huko ulikokwenda viatu hakuna?"

"Mama, huko kumejaa Wanyamwezi," akajibu Nyamizi. "Wamebeba mizigo yote ya ahera, sisi wengine kazi hatuna!"

Uwanja ukalipuka. Watu wanapigana mabega, mzee mmoja alidondosha meno yake ya bandia. Wapiga ngoma wenyewe wanacheka, ngoma inakwenda upande upande.

"Biashara je, Kondo?"

"Malaika hawali nazi, mama. Wanataka asali. Mnyamwezi amenitangulia hata huko!"

Kisha yule Kondo wa jukwaani akageuka, akamtazama Pazi, akamnyooshea kidole.

"Na huyu ananikodolea nini? Si nilisema hupandi puto? Mzaramo kimo chake ni mnazi! Akipita hapo amekuwa ndege, na ndege sisi tunachoma!"

Watu wakacheka tena. Bibi Chausiku hakucheka. Alimtazama Nyamizi, akamtazama mjukuu wake aliyejikunja kitini, akarudi kumtazama Nyamizi. Akakamata fimbo yake, akainuka, mfupa mmoja baada ya mwingine.

"Kondo," akasema, na sauti haikuwa ya mzaha sana sasa. "Wewe ulipokuwa mdogo, nani alipanda juu ya paa la msikiti kutazama treni? Nilikupiga?"

Nyamizi akajikuna kichwa kama Kondo alivyokuwa akijikuna. "Hukunipiga, mama."

"Basi mwache mtoto apande."

"Akianguka?"

"Nitamdaka mimi."

"Kwa magoti hayo?"

"Kwa magoti haya haya."

Nyamizi akashusha mkokoteni wake wa hewa. Akavuta pumzi. "Haya," akasema. "Apande. Lakini asali akinimwagia njiani, nitamtokea usingizini na deni."

Hapo Pazi akacheka. Kicheko kikamtoka kwa nguvu, kikakwama, kikageuka, na kile kilio ambacho hakikutoka siku ya mazishi kikatoka pale, mbele ya mji. Analia kwa sauti, na katikati ya kulia anacheka, na katikati ya kucheka anaita baba. Bibi akapandishwa jukwaani, akamvuta mjukuu kifuani. Na ubao! Kijani, mwekundu, kijani, kama taa za harusi. Mtambo ukasema kwa ile sauti yake ya upole: "Hisia haijatambulika. Tafadhali rudia."

Nani arudie kitu kama kile?

Ngoma ikanyamaza.

Bwana Mihayo akamsogelea Nyamizi, akafunika spika kwa kiganja. Jasho limelowesha kola ile nyeupe. "Binti," akanong'ona, "mimi nimekuelewa. Unajua, najua unajua. Lakini mtambo unataka neno na sababu yake. Sema sasa hivi, nitalipokea. Sekunde moja tu. Usijitupe."

Nyamizi akamtafuta mama yake katika umati. Akamwona, amejishika kichwa kwa mikono miwili. Akamtazama Pazi, uso umezama katika kaniki ya bibi yake.

"Hisia ni ya kwake, Bwana Mpimaji," akasema. "Mimi nilimshikia tu."

Ubao ukatulia. Sifuri, kubwa kama gurudumu.

Gari la Bweni lilikuwa limesimama pembeni tangu asubuhi. Jeupe, halina dereva. Mlango ukafunguka wenyewe. "Abiria mmoja," gari likasema. "Tafadhali panda." Kalunde akapiga ukelele mmoja, akaanza kusukuma watu aje mbele, na Nyamizi akashuka ngazi taratibu, kichwa juu.

Hakufika. Mkono mkavu ulimkamata.

"Huyu nimemteka," akasema Bibi Chausiku.

Kelele zikakatika kama umeme. Kwa sababu mtani ana haki hiyo, na mji mzima unaijua. Mtani akishika kuku wako, ni wake. Akishika kofia yako, ni yake. Hukasiriki, huiti polisi, unamkomboa mtu wako kwa kitu mnachokubaliana, mnacheka, mnamaliza.

"Mama," Bwana Mihayo akasema, "huyo ni wa serikali sasa."

"Ni mateka wangu. Na wewe unaitwa nani?"

"Mimi ndiye mpimaji."

"Sikukuuliza kazi. Jina!"

"Mihayo."

"Mihayo!" Bibi akawageukia watu. "Jamani, Mihayo ni Mmakonde?"

"Siyo!" uwanja ukajibu.

"Mchaga?"

"Siyooo!"

Bwana Mihayo akafumba macho. "Mnyamwezi, mama. Wa Nzega."

Sasa hapo ndipo mji ulipopasuka! Wakubwa wale walichunguza ukoo, wakachunguza mashemeji, wakasahau kuchunguza watani! Wamempeleka Mnyamwezi akahukumu mbele ya bibi wa Kizaramo mwenye fimbo. Watu walikuwa wanalala chini kwa kicheko. Kalunde alifika mbele akiwa analia, akajikuta anacheka naye, hajui afanye lipi.

"Sifuri siwezi kuifuta," Bwana Mihayo akasema kwa sauti ndogo. "Imekwisha kwenda kwa wakubwa."

"Nani kasema ufute? Iache hapo. Mtoto namtaka. Nyinyi Wanyamwezi mkimtaka, mkomboeni."

"Kwa kuku?"

"Kuku ninao. Mtu kwa mtu: akibaki huyu, apande mwingine."

"Abiria mmoja," gari likasema. "Tafadhali panda."

Bwana Mihayo akalitazama lile gari. Akamtazama Nyamizi, akawatazama watoto wote waliokuwa wamesongamana pale chini ya jukwaa, kila mmoja na kimulimuli chake.

"Miaka yote hii nawapeleka," akasema, kama anajisemea. "Sijawahi kuingia mle ndani hata siku moja."

Akavua beji ya upimaji, akaiweka mfukoni. Akapiga magoti mbele ya Bibi Chausiku na suti yake nyeupe, kwenye vumbi, akapokea mkono wa Nyamizi kutoka mkononi mwake, akauweka kwenye mkono wa Kalunde. Kisha akatembea mpaka kwenye gari, akapanda badala ya Nyamizi, akakaa kwenye kile kiti kidogo cha watoto, magoti yamefika kidevuni.

"Atarudi huyo?" mtu akauliza.

"Atafukuzwa kazi," mwingine akajibu. "Ila kwanza atawaeleza wakubwa yaliyomo bwenini."

"Abiria mmoja," gari likasema. "Ahsante." Mlango ukaanza kujifunga. Bwana Mihayo akautoa uso dirishani.

"Binti!" akaita. "Nipime mimi. Sasa hivi. Nahisi nini?"

Nyamizi akamtazama vizuri. Akauona ule mkono ulioshika dirisha, unavyotetemeka, na vidole vinavyojaribu kujifanya havitetemeki. Akayaona macho, yanavyong'aa kama ya mtoto asubuhi ya Idi. Akaona na kingine tena pale nyuma, ambacho pengine mwenyewe alikuwa hajakiona.

"Njaa," akasema.

Bwana Mihayo alicheka mpaka akagonga kichwa kwenye dari. Uwanja mzima ukapokea: "Njaa! Mpimaji ana njaa!" Na muuza mahindi kule nyuma akachomoa hindi la moto jikoni, likapita mkono kwa mkono, juu ya vichwa vya watu, kila mtu anaruka na kupuliza vidole, mpaka likafika dirishani, na yeye akalipokea kwa mikono miwili.